Joto la mtoto, joto la simu, joto la ng'ombe: ni kitu kimoja?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mzazi, na pia nina ng'ombe wachache wa maziwa. Wiki hii neno "joto" limenizunguka mpaka nikachanganyikiwa. Mwanangu alipandwa na joto, kipimajoto kikasoma 38.9, lakini mwenyewe analalamika baridi na anatetemeka. Siku hiyohiyo simu ikaonyesha hewa ni nyuzi 33 ila "unahisi kama 40". Fundi naye akasema betri ya simu imeharibiwa na joto. Halafu mtaalamu wa mifugo akaniambia niangalie kama ng'ombe wangu yuko kwenye joto. Nikampima, nikakuta 38.6, akaniambia kipimajoto hakihusiki hapo. Je, joto ni kitu kimoja au ni mambo mengi yaliyopewa jina moja? Na kwa nini feni inanipoza mimi lakini chumba hakipoi?

Jibu: Marahaba, na pole kwa kuuguliwa. Joto la mtoto, la hewa, la simu, na lile linalokutoka mwilini feni ikipuliza, yote ni jambo moja na yanafuata kanuni zilezile. La ng'ombe ni jambo jingine kabisa, nitalifikia mwishoni. Lakini hata hilo jambo moja limebeba vipimo viwili, na karibu kila kilichokuchanganya kinatokana na vipimo hivyo kushikwa kana kwamba ni kimoja.

Kipimo cha kwanza ni halijoto, ambayo vitabu vingine huiita jotoridi. Hii ndiyo namba unayoisoma kwenye kipimajoto. Ndani ya kila kitu chembe hazitulii: kikiwa cha moto zinakwenda mbio na kugongana kwa nguvu, kikiwa baridi zinakwenda taratibu. Halijoto inatuambia ukali wa mwendo huo. Kipimo cha pili ni joto lenyewe, yaani nishati inayohama kutoka penye halijoto kubwa kwenda penye halijoto ndogo. Hiyo hupimwa kwa jouli, na hakuna kipimajoto kinachokusomea jouli.

Mtazame fundi anayekata chuma kwa grenda. Cheche zinazoruka pale zimepita nyuzi 1,000, zinamwangukia mikononi, naye anaendelea na kazi. Kila cheche ni kipande kidogo mno cha chuma, na jouli zilizomo ni chache kiasi kwamba ngozi haipati madhara makubwa. (Macho yana habari yake, lazima avae miwani.) Sasa chukua ndoo ya maji ya nyuzi 60. Namba yake kwenye kipimajoto haifikii hata sehemu ya kumi ya ile ya cheche, lakini mkono ukizama humo kwa sekunde chache unaungua vibaya. Maji ni mengi, tena maji hubeba joto kuliko karibu vitu vyote tunavyovishika kila siku: kilo moja ya maji inahitaji jouli zipatazo 4,186 ili ipande uzi mmoja tu, wakati kilo ya chuma inatosheka na kama 450. Ndiyo maana maji yanachelewa kupata moto, na yakishaupata yanachelewa kupoa.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote uko kwenye sufuria inayochemka. Washa moto, weka kipimajoto ndani ya maji, namba inapanda hadi karibu na 100. Hapo inasimama. Moto bado unawaka chini, jouli zinaingia kila sekunde, lakini namba haisogei hata maji yakaribie kukauka. Mwanasayansi Mskoti Joseph Black alilichunguza jambo hili kwa makini miaka ya 1760 akaona kwamba joto linaingia bila halijoto kupanda, kwa sababu lote linatumika kuyageuza maji kuwa mvuke. Kila kilo ya maji inayogeuka inameza jouli zipatazo 2,260,000. Hapo pana faida mbili za jikoni. Chakula kinachochemka tayari hakiivi upesi kwa kuongezewa moto, maji yatabaki palepale kwenye 100 na utakachopata ni kukauka haraka. La pili ni la hatari: mvuke unaokupiga mkono ukifunua sufuria unapogeuka tena kuwa maji juu ya ngozi hukutwisha joto lote lile ulilolimeza. Gramu moja ya maji ya nyuzi 100 ikipoa hadi nyuzi 37 inakuachia jouli kama 264. Gramu moja ya mvuke inakuachia hizohizo, na juu yake 2,260 nyingine. Funua sufuria kwa kuelekeza mfuniko upande usio na mtu.

Kabla sijafika kwa mtoto, ngoja nizungumzie mkono wako, maana nina hakika ndio uliomgusa paji la uso kabla ya kipimajoto. Ngozi haipimi halijoto. Inapima kasi ya joto kuingia au kutoka. Gusa kitasa cha chuma, kisha gusa ubao wa mlango huohuo. Vimelala usiku kucha chumba kimoja na halijoto yao ni sawa, lakini utaapa kwamba chuma ni baridi zaidi. Chuma kinanyonya joto la kiganja upesi na kulisambaza ndani yake, ubao unalinyonya polepole, basi ngozi inatoa taarifa ya unyonywaji huo. Vivyo hivyo ukitoka kuosha vyombo kwa maji baridi, kila paji la uso litakuwa la moto. Mkono wa mzazi unastahili kusikilizwa kama onyo la kwanza, lakini uamuzi utoke kwenye kipimajoto, nawe ujue ulikiweka wapi, kwa sababu kwapani husoma chini kidogo kuliko ndani ya mwili.

Sasa mwili wenyewe. Mtu mzima akiwa amekaa tu anazalisha joto la wati kama 100, yaani jouli 100 kila sekunde, usiku na mchana, na akifanya kazi nzito linaongezeka mara kadhaa. Joto hilo lazima litoke. Likibaki ndani, halijoto ya mwili itapanda, na mwili umejengwa kufanya kazi karibu na nyuzi 37. Kuna sehemu ndogo ndani ya ubongo, haipothalamasi, inayoshika usukani: damu ikipata moto kupita lengo, inafungua mishipa ya ngozi na kuruhusu jasho; ikipoa chini ya lengo, inabana mishipa na kuamuru misuli itetemeke.

Kaa na hilo neno "lengo", kwa sababu ndilo linalojibu kisa cha mwanao. Katika homa, kinga ya mwili inapopambana na maambukizi hutoa ujumbe wa kikemia unaofika ubongoni na kulipandisha lengo, tuseme kutoka 37 hadi 39. Mtoto mwenye nyuzi 38 wakati ubongo wake unataka 39 anahesabika kwake mwenyewe kuwa amepoa. Ndiyo maana anasikia baridi, anajikunyata, anatetemeka, huku wewe ukimgusa unaona anachoma. Mwili wake haujashindwa kitu hapo, unapanda kwa makusudi. Paracetamol inafanya kazi kwa kuzuia ule ujumbe wa kikemia, lengo linashuka, na ndipo jasho linapotoka na mtoto anapopoa. Kumpangusa kwa maji ya baridi kali wakati lengo bado liko juu kunamzidishia kutetemeka na kumtesa. Mvalishe nguo nyepesi, mpe vinywaji mara kwa mara, mpe dawa kwa kipimo kinacholingana na uzito wake, na homa ichunguzwe ijulikane imetoka wapi. Mtoto wa chini ya miezi mitatu akifika nyuzi 38 apelekwe hospitali saa hiyohiyo, usingoje aonyeshe dalili nyingine.

Nimelikalia hili kwa sababu kuna hali ya pili inayosoma namba zilezile kwenye kipimajoto ilhali ni kinyume chake, na kuzichanganya kunaua. Mtu aliyefanya kazi juani, mzee aliyejifungia chumbani siku za joto kali, mtoto aliyeachwa ndani ya gari lililofungwa: hawa lengo la ubongo wao liko palepale kwenye 37, ila mwili umeshindwa kutoa joto kwa kasi ileile linavyoingia. Halijoto inapita 40, mtu anaanza kuongea ovyo, anayumba, anapoteza fahamu. Hicho ndicho kiharusi cha joto. Paracetamol haimsaidii, kwa kuwa hakuna lengo la kushusha. Anachohitaji ni kupozwa papo hapo: mtoe juani, mvue nguo za ziada, mloweshe maji mwili mzima huku ukimpepea, na kama yapo maji mengi ya baridi mzamishe mwili humo kichwa kikiwa nje, mtu akimshikilia muda wote. Msaada wa hospitali uitwe wakati upozaji unaendelea, maana ubongo unaharibika kwa dakika. Asiye na fahamu sawasawa asinyweshwe kitu. Kuhusu gari, likiegeshwa juani madirisha yamefungwa, ndani hupanda kama nyuzi 10 kwa dakika 10 za mwanzo tu.

Kwa nini mwili unashindwa? Una njia chache za kutoa joto. Sehemu linapita kwenda kwenye hewa inayokugusa, sehemu linanururika kwenda kwenye kuta na vitu vya jirani, na hizo zote zinahitaji mazingira yawe na halijoto ndogo kuliko ngozi yako, ambayo iko karibu na nyuzi 33 hadi 35. Hewa ikifika hapo, njia hizo zinafungwa, na ikipita hapo joto linageuza mkondo na kukuingia. Inabaki njia moja, jasho. Jasho linapoza kwa kanuni ileile ya Joseph Black: likigeuka mvuke linameza joto, na linalimeza kutoka kwenye ngozi. Lita moja ya jasho likikauka lote mwilini huondoka na jouli kama milioni 2.4, sawa na joto ambalo mtu aliyetulia huzalisha kwa zaidi ya saa sita. Lakini sharti likauke. Jasho linalotiririka na kudondoka chini limekupotezea maji na chumvi bila kukupoza.

Hapo ndipo ile "unahisi kama 40" inapopata maana yake. Hewa iliyojaa unyevu haina nafasi ya kupokea mvuke zaidi, basi jasho linakaa kwenye ngozi. Nyuzi 33 zikiambatana na unyevu wa karibu asilimia 60 zinaulemea mwili kama vile nyuzi 40 za hewa yenye unyevu mdogo. Simu haikukudanganya popote: 33 ni halijoto ya hewa, 40 ni makadirio ya mzigo ulioko mwilini mwako. Na makadirio hayo hufanywa kwa mtu aliye kivulini. Ukisimama juani ongeza mzigo mwingine juu yake. Wataalamu wa hali ya hewa wana kipimo kikali zaidi, kipimajoto kilichofungwa kitambaa chenye maji na kupepewa, ambacho kinasoma kiwango ambacho mvukizo unaweza kukipoza kitu. Kipimo hicho kikifika 35, hata mtu mwenye afya, aliyevua nguo, aliyekaa kivulini na maji ya kunywa tele, hawezi kuzitoa zile wati 100 zake. Hayo yalikuwa makadirio ya kinadharia. Majaribio ya karibuni kwa vijana wenye afya yameonyesha mwili unaanza kuelemewa chini ya hapo. Kwa hiyo siku ya fukuto, mtu akikuambia "mbona ni 33 tu", muulize na unyevu.

Feni yako nayo imeshajibiwa nusu. Haipozi hewa hata kidogo. Mota yake inakula umeme, na umeme wote huo unaishia kuwa joto chumbani, hivyo chumba kilichofungwa chenye feni kinapata moto kidogo. Inachofanya ni kuliondoa tabaka la hewa yenye mvuke lililoganda juu ya ngozi na kuleta hewa nyingine, jasho likakauka upesi. Anayepozwa ni mwenye ngozi yenye jasho. Ukitoka chumbani, izime. Na hewa ikipita nyuzi 40, Shirika la Afya Duniani linaonya kwamba feni inaupa mwili joto badala ya kuupoza. Siku kama hiyo lowesha ngozi na utafute mahali penye ubaridi.

Fundi wa simu yuko sahihi. Umeme ukipita kwenye njia yenye ukinzani unazalisha joto. Mwanafizikia Mwingereza James Joule alionyesha mwaka 1841 kwamba mkondo ukiongezeka maradufu, joto linaongezeka mara nne. Ndiyo maana simu inapata moto hasa inapochajiwa kwa kasi au ikifanya kazi nzito. Halijoto ikipanda, kemia isiyotakiwa ndani ya betri ya lithiamu inakwenda kasi na uwezo wa betri unapungua moja kwa moja, haurudi. Usiichaji juani wala chini ya mto. Ikipata moto ivue kava na uiache ipoe yenyewe. Kuiweka kwenye friji kunaleta unyevu ndani yake, na hilo ni tatizo jipya.

Nimemtaja Joule, basi niseme na jambo ambalo watu wa kale walilikosea kwa sababu ya kueleweka. Kwa muda mrefu wasomi wa Ulaya waliamini joto ni aina ya majimaji yasiyoonekana, kaloriki, yaliyojificha ndani ya vitu na kumwagika kutoka kimoja kwenda kingine. Mwaka 1798 Benjamin Thompson, maarufu kama Count Rumford, akaeleza alichokiona Munich kwenye karakana ya mizinga. Farasi walizungusha kekee butu iliyokuwa ikitoboa mzinga uliozamishwa majini, na maji yakachemka bila moto wowote. Farasi wakiendelea, joto linaendelea. Kama lingekuwa kitu kilichohifadhiwa ndani ya chuma lingefika mahali likaisha. Joule baadaye akapima ni kazi kiasi gani inatoa joto kiasi gani, akitumia uzito unaoshuka na kuzungusha vipande bapa kama makasia ndani ya maji. Mimi nalipenda sana jaribio hilo la farasi, kwa kuwa linaonyesha kwa nini si sahihi kusema kitu "kina joto ndani yake". Kina nishati. Inaitwa joto pale inapohama kwa sababu ya tofauti ya halijoto.

Matumizi mengine ya neno hili nitayapitia haraka. Joto la kisiasa au joto la mechi ni hisia za watu kupanda, halina jouli. Kupasha misuli moto kabla ya mazoezi ni joto halisi, halijoto ya misuli inapanda kweli. Na pilipili, ingawa sisi huiita kali, inaufanya mdomo uwake moto bila nyuzi hata moja kuongezeka. Kemikali yake, kapsaisini, inafungua kwenye neva mlango uleule unaofunguliwa na halijoto iliyopita karibu nyuzi 43, ubongo ukapokea habari ya kuungua. Ugunduzi wa mlango huo ulimpatia mwanasayansi David Julius sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2021.

Na ng'ombe wako. Nyuzi 38.6 ni halijoto ya kawaida kabisa ya ng'ombe mzima, haikuambii kama anahitaji dume. "Kuwa kwenye joto" ni kipindi ambacho homoni zimemfanya awe tayari kupandwa, na halijoto ya mwili hubadilika kidogo mno kiasi kwamba hutategemea kipimajoto. Unatazama tabia. Dalili ya uhakika ni kusimama akatulia wenzake wakimpanda. Nyingine ni kuwapanda wenzake, kulialia, kutotulia, maziwa kupungua ghafla, na ute angavu unaoning'inia nyuma. Hurudia kila siku 21 kwa wastani, kati ya 18 na 24, na kipindi chenyewe ni kifupi, mara nyingi hakizidi saa 18. Hapa joto zako mbili zinakutana: ng'ombe wa maziwa anayeteswa na joto la hewa huonyesha dalili hafifu na kwa muda mfupi zaidi, wengi wao usiku. Katika siku hizi za nyuzi 33 zenye unyevu, mpe kivuli na maji muda wote, umtazame alfajiri, jioni, na mara moja zaidi kabla ya kulala. Akisimama kupandwa asubuhi, mpandishie jioni ya siku hiyo. Akisimama jioni, mwite mhamilishaji, yaani mtaalamu wa kupandikiza mbegu, afike kesho yake asubuhi.